Al Capone alifungwa kwa kodi, si kwa damu: ilikuwaje?

*Shikamoo mzee. Jana kijiweni tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mimi nilisema Al Capone, yule bosi wa magenge ya Chicago, alifungwa kwa kukwepa kodi. Wenzangu wakanicheka. Mmoja anasema alifungwa kwa mauaji ya Siku ya Wapendanao, wengine wanasema aliyemweka ndani ni Eliot Ness kwa magendo ya pombe, kama sinema zinavyoonyesha. Lakini hata mimi nikitafakari sielewi vizuri. Serikali imepiga marufuku pombe, halafu inadai vipi kodi ya pombe hiyohiyo? Na marufuku ilipofutwa 1933, kwa nini hawakumwachia?*

Marahaba, mwanangu. Ubishi umeushinda, ila usitambe sana, maana nawe umekosea kidogo. Unadhani walimshika kwa hesabu za pombe. Daftari lililompeleka gerezani lilikuwa la kamari. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa kodi miaka mingi kabla ya kustaafu, na kesi hii ndiyo niliyokuwa nawasimulia vijana wapya ofisini, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Tuanze na mauaji, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Marekani kila jimbo lina sheria zake za jinai, na kuua mtu Chicago ni kosa la jimbo la Illinois. Serikali kuu ya Washington haikuwa na mamlaka ya kumshtaki mtu kwa mauaji ya mtaani. Kazi hiyo ilikuwa ya polisi wa Chicago, waendesha mashtaka wa huko na juri ya huko, yaani wale wananchi 12 wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia. Polisi wengi walikuwa wanalipwa na magenge. Juri ilikuwa na watoto nyumbani. Shahidi aliyeona jambo, kesho yake alikuwa hakuona.

Tarehe 14 Februari 1929, watu saba walipangwa ukutani ndani ya gereji katika mtaa wa North Clark wakamiminiwa risasi. Wawili kati ya wauaji walivaa sare za polisi. Siku hiyo Capone alikuwa Florida, mbali kabisa na Chicago, na mpaka leo hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji yale. Lakini mimi naona kisa kilichotangulia kinaeleza zaidi. Aprili 1926, William McSwiggin, mwendesha mashtaka msaidizi, mtumishi wa serikali kabisa, aliuawa kwa risasi nje ya baa pale Cicero, mji mdogo unaopakana na Chicago, alipokuwa pamoja na wauza pombe wa magendo. Magazeti yalipiga kelele kuuliza nani kamuua. Capone akajificha miezi kadhaa, akarudi Julai, akahojiwa, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Likumbuke jina hilo la McSwiggin, nitalirudia.

Sasa pombe yenyewe. Marufuku ilianza kufanya kazi tarehe 17 Januari 1920, siku ambayo Capone, mzaliwa wa Brooklyn, alikuwa anatimiza miaka 21. Mabadiliko ya 18 ya Katiba yalikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo, na sheria iliyoyatekeleza, ya Volstead, ikasema kileo ni kinywaji chochote chenye alkoholi kuanzia nusu asilimia. Kunywa hakukukatazwa. Mnywaji hakuwa mhalifu, muuzaji ndiye aliyekuwa mhalifu, na soko likabaki palepale likisubiri mtu wa kulihudumia. Adhabu ya kosa la kwanza la kuuza ilikuwa faini isiyozidi dola 1,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa tajiri wa magendo hiyo ni gharama ya kawaida ya biashara. Bunge lilikuja kuikaza 1929, likaifikisha miaka mitano na dola 10,000, lakini kufikia hapo mtandao ulikuwa umeshaota mizizi.

Watu wanapowaza magendo ya enzi zile huwaza wiski: meli zimetia nanga nje ya mipaka ya bahari, boti za kasi zinavuka mto Detroit kutoka Canada usiku. Hayo yalikuwepo. Lakini Chicago uti wa mgongo ulikuwa bia, na bia haifichiki. Wiski unaweza kuipitisha chini ya koti. Bia inakwenda kwa mapipa, mapipa yanakwenda kwa malori, na kiwanda chake kinanuka kimea mtaa mzima. Ukitaka kuuza bia katika jiji ambalo bia ni haramu, huna budi kulinunua jiji lenyewe: askari wa zamu, mkuu wake, diwani, ikiwezekana na meya. Johnny Torrio, aliyemwita Capone Chicago, alilielewa hilo mapema. Chicago ilipopata meya mkali mwaka 1923, mwaka uliofuata genge likahamishia makao yake Cicero, ambako siku ya uchaguzi wa mji lilipeleka watu wenye bunduki kwenye vituo vya kupigia kura. Mapema 1925 Torrio alipigwa risasi, akanusurika, akaamua inatosha. Mali yote ikabaki mikononi mwa Capone, kijana wa miaka 26.

Kwa hiyo kumshika kwa pombe kulikuwa na ugumu wa aina yake. Yeye hakubeba pipa wala hakuendesha lori. Hakuweka saini popote. Kati yake na pipa kulikuwa na dereva, msimamizi wa kiwanda, mkusanya fedha na wengine tele, na kila mmoja alijua kitakachompata akifungua mdomo.

Hapa ndipo Eliot Ness anapoingia, na sitaki kumpunja. Alikuwa ofisa kijana wa Idara ya Marufuku, hajafika hata miaka 30, akapewa kikosi kidogo cha maofisa waliochujwa kwa sababu hawahongeki. Walifunga chuma kizito mbele ya lori wakavunja nacho milango ya viwanda vya bia vya siri. Walimtia Capone hasara kubwa, walimuudhi, na mwisho walikusanya ushahidi uliozaa hati ya mashtaka ya tarehe 12 Juni 1931: makosa 5,000 ya kuvunja sheria ya pombe, dhidi ya Capone na wenzake 68. Elfu tano! Hata moja halikusikilizwa mahakamani. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu pale Chicago, George E. Q. Johnson, aliiweka hati ile kabatini kama akiba, akaingia mahakamani na kesi nyingine kabisa ambayo Ness hakuwa na mkono wake. Sifa za Ness zilivuma hasa kutokana na kitabu kilichotoka 1957, muda mfupi baada ya kifo chake, kisha tamthilia ya televisheni, kisha filamu. Siwalaumu wenzako. Lori linalovunja mlango linapendeza kwenye skrini kuliko mtu mzima aliyeinamia leja.

Sasa nije kwenye swali lako la msingi: kodi ya biashara haramu.

Mwaka 1913 Katiba ya Marekani ilibadilishwa ili serikali kuu itoze kodi ya mapato. Sheria ya kwanza baada ya hapo ilitaja mapato ya biashara halali. Miaka michache baadaye neno "halali" likaondolewa kimyakimya, ikabaki biashara yoyote ya kutafuta faida. Wauza magendo hawakulitilia maanani. Aliyelitilia maanani ni Mabel Walker Willebrandt, mwanasheria aliyeteuliwa 1921, akiwa na miaka 32 tu, kuwa mmoja wa wasaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Mwanamke huyu, ambaye usikivu wake ulikuwa mdogo na akipanga nywele zake kila asubuhi kuficha vifaa vya masikio, alikuwa anasimamia kesi za marufuku na za kodi kwa pamoja. Naamini ndiyo maana aliona walichokosa kukiona wengine: meza mbili zile zilikuwa zake.

Kesi ya majaribio ilitoka kwa mtu mdogo tu, Manley Sullivan, muuza pombe wa magendo wa Charleston, South Carolina. Alishtakiwa kwa kutopeleka ritani ya kodi, yaani fomu ya kutangaza mapato. Utetezi wake ulikuwa mzuri, tena ndio huohuo unaokusumbua wewe. Alisema: nikijaza ritani nikaandika mapato yangu ya pombe, nimejitaja kuwa mhalifu, na Katiba inanipa haki ya kutojitia hatiani mwenyewe. Mahakama ya rufaa ikamkubalia. Willebrandt akaipandisha kesi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na Mei 1927 majaji wakamkatalia Sullivan. Hukumu aliiandika Jaji Oliver Wendell Holmes, kwa ufupi wa kutisha. Alisema haoni kwa nini biashara isamehewe kodi ambayo ingelipa kama ingekuwa halali, eti kwa sababu tu ni haramu. Kuhusu haki ya kunyamaza, alisema kama kuna swali kwenye fomu linalomtia mtu hatiani, apeleke ritani na alikatae swali lile humo ndani. Kutopeleka ritani kabisa, hapana.

Kuna kipande kimoja katika hukumu ile huwa kinanichekesha kila nikikisoma. Upande wa Sullivan ulihoji: basi na hongo tunazolipa polisi tuziondoe kama gharama za biashara? Holmes akajibu kwamba hilo halifuati hata kidogo, na kwamba mahakama italifikiria siku atakapotokea mlipa kodi mwenye ujasiri wa kulidai.

Kwa hiyo, kudai kodi hakukuwa kuhalalisha pombe. Serikali ilisema: kuuza ni kosa, na kutotangaza ulichopata ni kosa la pili, tena la peke yake. Na kosa hili la pili lilikuwa la serikali kuu. Linasikilizwa na mahakama yake, linapelelezwa na watu wa Wizara ya Fedha kutoka Washington, ambao diwani wa Chicago hawezi kuwahamisha kituo.

Watu hao walikuwa kitengo cha upelelezi kilichoongozwa na Elmer Irey. Hawakuanza na Capone. Walianza na waliomzunguka. Kaka yake, Ralph, aliwahi kuwaambia watu wa kodi kwamba hana kitu na akaomba alipe kidogo wayamalize, huku fedha zake zimelala benki kwa majina ya uongo. Akafungwa miaka mitatu mwaka 1930. Jake Guzik, mtu wa fedha wa genge, akapata miaka mitano. Frank Nitti akakiri kosa, miezi 18. Kufikia mwisho wa 1930 njia ilikuwa imeshajaribiwa na imefanya kazi.

Capone mwenyewe akawa kazi ya Frank Wilson, mpelelezi mkimya wa kuvuta sigara za bei rahisi. Na hapa nakuomba ukae vizuri, maana ndipo utamu ulipo.

Capone hakuwa na akaunti ya benki. Hakuwa na mali yenye jina lake. Alilipa kila kitu kwa fedha taslimu. Aprili 1930 alifika mwenyewe mbele ya Wilson pamoja na wakili wake, akaulizwa kama anaweka kumbukumbu za hesabu. Hapana. Akaunti ya hundi? Hapana. Kipato kikubwa amekuwa nacho tangu lini? Akasema hajawahi kuwa na kipato cha maana. Mkaguzi yeyote anamjua mteja wa namna hii. Huwezi kumtoza mtu kodi kwa sababu anavaa vizuri. Lazima uonyeshe fedha imetoka mahali fulani ikaingia kwake, mwaka fulani, kiasi fulani.

Wilson alihangaika miezi mingi. Halafu usiku mmoja, akipekua makabati ya masijala, akakuta kifurushi cha madaftari ya hesabu yaliyofungwa kwa kamba na kusahaulika. Yalikuwa yamekamatwa 1926 katika misako iliyofuata kifo cha McSwiggin, yule mwendesha mashtaka niliyekuambia umkumbuke. Mauaji yale hayakumpeleka mtu mahakamani, lakini hasira zake ziliwafanya polisi wavamie nyumba za kamari za Cicero, wakazoa karatasi, wakazitupa kabatini. Miaka minne zimekaa, hakuna aliyezisoma.

Leja zilikuwa za nyumba moja ya kamari iliyojiita duka la sigara, Hawthorne Smoke Shop. Safu zake zilipangwa vizuri: kilichoingia kwenye karata, kwenye gurudumu la bahati, kwenye mbio za farasi, halafu faida na mgawo wake. Faida safi ilizidi nusu milioni ya dola katika muda usiofika hata miaka miwili. Kwenye mgawo kulikuwa na herufi na majina mafupi tu, na mahali pamoja karani ameandika kwamba Frank amelipa dola 17,500 kwa ajili ya Al.

Sasa, "Al" ni nani? Chicago ilikuwa imejaa akina Al. Daftari peke yake halisemi. Wilson alihitaji vitu viwili: mtu aliyeliandika, na mtu wa kusema kwamba nyumba ile ilikuwa ya Capone.

Aliyeandika alimpata kwa mwandiko. Walikusanya maandishi ya watu waliokuwa na uhusiano na Cicero, wakalinganisha herufi kwa herufi, mpaka wakamfikia Leslie Shumway, aliyewahi kuwa keshia pale. Mwanzoni mwa 1931 wakamkuta Miami, anafanya kazi kwenye uwanja wa mbio za mbwa. Wilson hakumpiga wala hakumtishia kifungo. Alimweleza tu kwamba ana njia mbili: ama aitwe mahakamani hadharani, mbele ya kila mtu, na watu wa Capone wajue amepatikana, ama aje kimyakimya na alindwe. Shumway akachagua kuja. Keshia mwingine, Fred Ries, aliyekuwa akibadilisha faida za kamari kuwa hundi za benki, alikuwa mbishi zaidi. Wilson mwenyewe alisimulia kwamba walijua Ries anaogopa wadudu kuliko kitu chochote, wakamweka mahabusu yenye kunguni na mende mpaka akasema atazungumza. Mimi kama mtu wa kazi hiyo sikisifii kitendo kile, lakini ndivyo walivyofanya, na ushahidi wake ndio uliomwangusha Guzik.

Mtu wa kusema nyumba ilikuwa ya nani alikuwa mchungaji. Mei 1925, Henry Hoover, mchungaji kijana, alikwenda na kundi la raia kuvamia ile Hawthorne. Capone aliamshwa kutoka hoteli ya jirani, akaja na koti juu ya nguo za kulalia, ndevu hazijanyolewa. Mlangoni akamkuta Chester Bragg, raia aliyewekwa kulinda, akamzuia. Capone kwa hasira akamwambia ampishe, kwani mwenye nyumba ni yeye. Akapanda juu akaanza kusomba fedha za kaunta na kuzitia mifukoni. Bragg alipotoka siku ile alivunjwa pua. Miaka sita baadaye alisimama kizimbani akayarudia maneno yale mbele ya juri, na Hoover naye akasimama. Neno moja la hasira la asubuhi ya 1925 likaiunganisha leja na mwenyewe.

Na bado kuna barua. Wakili wa Capone wa mambo ya kodi, Lawrence Mattingly, alidhani suala litamalizwa kiungwana kama madeni mengine ya kodi. Mwaka 1930 akaiandikia serikali kwamba mteja wake, kabla ya mwishoni mwa 1925, alikuwa mwajiriwa wa mshahara usiozidi dola 75 kwa wiki, na kwamba baada ya hapo mapato yake yanaweza kukadiriwa: yasiyozidi dola 26,000 kwa 1926, yakipanda mpaka yasiyozidi 100,000 kwa kila mwaka wa 1928 na 1929. Nia yake ilikuwa kupunguza deni. Alichofanya ni kuikabidhi serikali maungamo kwa maandishi kwamba mteja ana mapato na hajayalipia. Mawakili wa utetezi walipinga barua ile isipokelewe kama ushahidi. Jaji akaipokea. Kwa maoni yangu, hapo palikuwa na hoja nzuri ya kisheria ambayo wakili makini zaidi angeipigania mpaka jasho limtoke.

Shtaka la kwanza lilifunguliwa kwa siri tarehe 13 Machi 1931, kwa sababu ukomo wa kushtaki kwa kodi ya 1924 ulikuwa unafika siku mbili baadaye. Juni yakaongezwa mashtaka 22 ya miaka ya 1925 hadi 1929. Jumla serikali ilidai kwamba alipata zaidi ya dola milioni moja katika miaka sita na hakulipa kodi ya dola 215,000. Hizo si fedha zote alizopata Capone, hata kidogo. Ni zile tu zilizoweza kuthibitishwa.

Awali palikuwa na makubaliano: Capone akiri, apate miaka miwili na nusu. Alikiri, akaanza hata kutania na waandishi wa habari. Jaji James Wilkerson akagoma, akasema mahakama ya serikali kuu hapajadiliwi bei. Capone akaondoa kukiri kwake, kesi ikaanza Oktoba 6. Kabla yake, mtoa siri ndani ya kambi ya Capone, wakili Edward O'Hare, alikuwa ameshamnong'oneza Wilson kwamba orodha ya juri iko mikononi mwa genge na wajumbe wanafuatwa mmoja mmoja. Wilkerson alisikiliza, hakusema kitu. Asubuhi ya kesi akaingia, akaagiza juri yake ibadilishane na ya jaji mwingine katika jengo lilelile. Fedha yote iliyokuwa imetumika kwa ile orodha ikapotea hapohapo. O'Hare alilipa miaka minane baadaye: alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake Novemba 1939, wiki moja tu kabla Capone hajawa huru.

Siku za ushahidi zilikuwa kama soko. Walikuja wauza samani, wauza nyama, watu wa simu, fundi suti aliyesema bwana yule alishonesha suti za dola 135 moja, sonara aliyemuuzia vifungo 30 vya mikanda vyenye almasi, kila kimoja dola 275, vya kugawia marafiki. Ikatajwa nyumba ya Palm Island, Florida, iliyonunuliwa dola 40,000 mwaka 1928 na kuandikwa jina la mtu mwingine, na fedha zilizotumwa kwa telegramu kutoka Chicago kuja kumlisha huko. Mkaguzi anaijua hesabu hii: kama hutangazi mapato lakini matumizi yako yanaonekana, matumizi yatakusemea. Katikati ya siku hizo mlinzi wake, Phil D'Andrea, akakamatwa ana bastola kiunoni ndani ya chumba cha mahakama.

Utetezi ukaleta watu wa kamari ya farasi waseme Capone alikuwa anapoteza fedha nyingi kwao kila mwaka. Mimi hapa huwa natikisa kichwa. Hasara za kamari zinaweza kuondolewa kwenye ushindi wa kamari tu, na hakuna aliyeonyesha ushindi. Walichofanikiwa kuithibitishia juri ni kwamba mteja wao alikuwa na fedha nyingi za kupoteza.

Oktoba 17 juri ilirudi usiku, baada ya kujadiliana kwa muda wa saa kama nane, na uamuzi uliowaacha hata mawakili wakikuna vichwa: ana hatia kwa makosa matano tu kati ya 23. Kukwepa kodi ya 1925, 1926 na 1927, na kutopeleka ritani kwa 1928 na 1929. Wiki moja baadaye Wilkerson akampa miaka 11, faini ya dola 50,000 na gharama za kesi juu yake. Rufaa zikashindwa, na Mei 1932 akapelekwa gereza la Atlanta.

Limebaki swali lako la mwisho, na ni zuri kuliko unavyodhani. Marufuku ilifutwa tarehe 5 Desemba 1933 kwa Mabadiliko ya 21 ya Katiba, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ikiutamani tena ushuru wa vileo. Februari 1934 Mahakama Kuu iliamua kwamba kesi zote za sheria ya pombe ambazo hazijafika mwisho haziwezi kuendelea, kwa sababu sheria yenyewe imekufa. Kesi zikafutwa nchi nzima. Hebu fikiria kama Johnson angeingia mahakamani na yale makosa 5,000 ya Ness, kesi ikaburuzwa kwa rufaa na pingamizi miaka miwili mitatu kama mawakili wa matajiri wanavyojua kuburuza. Capone angeweza kutoka mlango wa mbele. Lakini yeye hakufungwa kwa sheria ya pombe. Sheria ya kodi haikuguswa, na Agosti mwaka huohuo wa 1934 alihamishiwa Alcatraz.

Wala hakuwa peke yake. Waxey Gordon, mtu wa bia wa New York na New Jersey, alitiwa hatiani kwa kukwepa kodi tarehe 1 Desemba 1933, siku nne kabla marufuku haijafutwa, akapewa miaka kumi. Dutch Schultz, tajiri mwingine wa bia ya magendo New York, alishtakiwa vilevile. Juri ya kwanza ilishindwa kukubaliana, ya pili, katika mji mdogo wa Malone ambako alitangulia kwenda kununulia watu vinywaji na kujifanya mwema, ikamwachia huru. Hakukaa sana: Oktoba 1935 alipigwa risasi na wenzake katika mgahawa mmoja wa Newark.